Bingwa wa daraja la kwanza alipatikanaje, na leo yuko wapi?

Haya, mwenyekiti kanipa nusu saa na kaniomba nisianze tena na habari ya 2016. Mwenyekiti samahani sana, naanza nayo.

Maana ukiomba orodha ya mabingwa wa daraja la kwanza Tanzania, yani ligi ya mpira iliyo chini ya Ligi Kuu, unaletewa karatasi, mwaka kushoto, jina la timu kulia, basi, historia imeisha. Ile karatasi haikwambii ubingwa ulipatikana vipi wala aliyeupata kaishia wapi, na kwenye hili daraja letu hayo mawili ndo habari yenyewe.

Sasa msimu wa 2015/16. Kipindi hicho haikuwa ligi moja ya timu 16 kama Championship ya sasa, yalikuwa makundi matatu, A, B na C, kila kundi kinara wake anapanda. Kundi C linafika siku ya mwisho Geita Gold na Polisi Tabora wako sawa kwa pointi, tiketi ni moja, kwa hiyo anayepanda ataamuliwa na tofauti ya mabao. Geita anacheza na JKT Kanembwa, Polisi Tabora anacheza na JKT Oljoro. Mpira unaisha, Geita kashinda 8-0, Polisi kashinda 7-0. Jamani! Msimu mzima watu wanavunjana miguu kutafuta kabao kamoja, alafu siku ya kuamua nani anapanda yanaingia mabao 15 kwenye mechi mbili na waliofungwa hawapati hata la kufutia machozi. TFF, shirikisho letu la mpira, wakalipeleka kwenye kamati ya nidhamu, Aprili 2016 timu zote nne zikashushwa kwa kupanga matokeo, wafungaji na wafungwaji, na Mbao ya Mwanza iliyokuwa chini yao kwenye msimamo ndo ikapanda.

Najua kuna mtu atasema mbona Nigeria 2013 zilipigwa mechi za 79-0 na 67-0, sisi na 8-0 yetu ni wastaarabu. Ndugu yangu, kwanza wale nao walifungiwa, pili kule walikuwa wanatafuta nafasi ya kuingia ngazi za chini kabisa, hapa kwetu tunaongelea mlango wa Ligi Kuu, ukipita wiki inayofuata unapangiwa Simba na Yanga. Usinichanganyie.

Mwingine anasema Mbao walipandia mezani. Sawa, mezani. Ila hao hao wa mezani 2017 walimtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA pale CCM Kirumba, 1-0, wakaenda fainali Dodoma na Simba akatoka jasho dakika 120 ndo akawafunga 2-1. Na Geita nao walirudi, wakapanda 2021, msimu huo huo wa kwanza George Mpole akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, moja mbele ya Mayele wa Yanga, timu ikamaliza ya nne ikaenda Afrika. Sasa niambie karatasi yako ya mwaka na jina la timu inaonyesha nini hapo.

La pili ni majina, nakwenda haraka maana naona saa inatazamwa. 2022 walipanda Ihefu na DTB. Nenda leo katafute DTB. Ikawa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, ikawa Fountain Gate tupu na ikahamia Babati. Ihefu, ambao ndo waliomshusha Mbao kwenye mchujo wa 2020, wakatolewa Mbarali wakapelekwa Singida wakawa Singida Black Stars. Yani Singida kapoteza timu moja akapata nyingine, na zote mbili zilipanda msimu mmoja! Mzee wa Ubaruku kule Mbarali aliyekuwa anatembea kwa miguu kwenda kuiona Ihefu uwanja wa Highland Estates, leo ashangilie nani? Kitayosce ikawa Tabora United, sasa hivi ni TRA United. Mniambie ukweli, mwana historia wa 2050 atajua hizo ni timu moja?

Na kupanda kwenyewe sio kupona. Kitayosce hao hao Agosti 2023, mechi yao ya kwanza Ligi Kuu dhidi ya Azam, wameingia uwanjani wachezaji wanane. Wanane! Kipindi cha kwanza hakijafika nusu ni 4-0, wawili wameumia, wamebaki sita, hawatoshi kuendelea, mwamuzi kamaliza mpira watu warudi nyumbani. KenGold ya Chunya, bingwa wa 2023/24, kakaa juu msimu mmoja karudi. Bingwa wa 2024/25 ni Mtibwa Sugar, mtu aliyekuwa bingwa wa Tanzania nzima 1999 na 2000. Hiyo peke yake ni mhadhara mwingine.

Waamuzi na nauli za timu naviacha, mwenyekiti keshasimama. Mimi nataka safu mbili ziongezwe kwenye ile karatasi, moja ya ubingwa ulipatikanaje na nyingine ya timu inaitwaje leo. Mwenye kipande cha gazeti, tiketi ya zamani au msimamo wa makundi ulioandikwa kwa mkono, kuna daftari pale mlangoni, andika una nini. Haya, maswali, ila mafupi.