Bima, Kodi na Nyumba: Yale Vita Vilivyoyaacha Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naanzia mahali ambapo wengi wenu mnapajua kupitia ndugu walioko kule. Mtu anafanya kazi Ohio au Texas, kampuni inapunguza watu, naye anapata barua. Haupiti muda anagundua kwamba kilichoondoka si mshahara peke yake, bali na bima ya matibabu ya mke na watoto. Ukimweleza Mfaransa jambo hili anashangaa. Kwa nini nchi tajiri kiasi kile ifunge tiba ya mtoto kwenye ajira ya baba yake? Hakuna mwanafalsafa aliyekaa akabuni mpango huo. Ulizaliwa na agizo la kuzuia mishahara isipande, Oktoba 1942, katikati ya Vita Vikuu vya Pili.

Hoja yangu leo ni hii: mengi tunayoyaona kuwa ndiyo tabia ya Marekani, kuanzia bima ya kazini, kodi inayokatwa kwenye mshahara, mpaka nyumba ya mkopo pembezoni mwa jiji, yalikuwa hatua za dharura au matokeo yake. Vita vikaisha, hatua zikabaki. Na kwa sababu zilipitishwa harakaharaka, kwa kumridhisha kila aliyekuwa na nguvu bungeni wakati huo, zilibeba upendeleo wa wakati huo na kuurithisha kwa wajukuu.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 1933 mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Rais Roosevelt alijaribu mengi, na mengine yalisaidia, lakini mpaka mwaka 1939 mamilioni bado walikuwa vijiweni. Mwaka 1944 wasio na kazi hawakufika hata asilimia 2. Kilichofanya tofauti hiyo ni zabuni za serikali. Februari 1942 viwanda viliacha kabisa kutengeneza magari ya raia. Ford alijenga Willow Run, Michigan, jengo lenye urefu wa karibu kilomita moja, na kufikia mwaka 1944 lilikuwa likitoa ndege moja ya kivita ya B-24 kwa takriban kila saa. Wanaosema serikali haiwezi kuunda ajira huwa hawapendi kuizungumzia miaka hii.

Sasa, kazi zikiwa nyingi kuliko watu, mishahara hupanda, na bei hufuata. Serikali ikaogopa mfumuko wa bei na kuweka kikomo kwenye mishahara. Mwenye kiwanda akabaki na tatizo: atamvutaje fundi wa jirani ikiwa haruhusiwi kumwongezea dola? Jibu likapatikana kwenye marupurupu. Bodi ya Kazi ya wakati wa vita ilikubali kwamba michango ya bima na pensheni, ikiwa ya kiasi, isihesabiwe kuwa mshahara, na watu wa kodi wakakubali isitozwe kodi kwa mfanyakazi. Waajiri wakakimbilia mlango huo. Mwaka 1940 ni kama Mmarekani mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na bima ya hospitali. Kufikia 1950 walikuwa karibu nusu.

Ngojeni, kuna kipande hapa ambacho husahauliwa. Novemba 1945 Rais Truman alipeleka bungeni pendekezo la bima ya afya ya taifa zima. Chama cha madaktari kikalipinga kwa nguvu, kikilipaka rangi ya ujamaa, na likafa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikililia mpango huo, lakini havikuweza kusubiri milele. Walter Reuther, kiongozi wa wafanyakazi wa magari, akaenda kudai mezani kwa mwajiri alichonyimwa bungeni. Mwaka 1950 akatia saini na General Motors mkataba wa miaka mitano wenye pensheni na bima. Kwa mwanachama wake ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini kwa maoni yangu ndipo mfumo ulipofungwa kufuli, kwa sababu wafanyakazi wenye sauti kubwa zaidi nchini hawakuwa tena na haraka ya kudai kitu kwa ajili ya wote. Mwaka 1954 sheria ya kodi iliandika msamaha ule wazi, na makubaliano ya kivita yakawa sheria ya amani.

Kodi nitaipitia upesi. Kabla ya vita, kodi ya mapato ilikuwa shughuli ya wenye nazo. Mwaka 1945 walipaji walizidi milioni 40. Huwezi kumfuata kila mmoja nyumbani, kwa hiyo mwaka 1943 Bunge liliagiza mwajiri aikate kabla pesa haijamfikia mtu mkononi. Uingereza ilifanya hivyo mwaka uliofuata, na PAYE yetu ni ya ukoo huohuo. Nyie mnaoilalamikia kila mwisho wa mwezi, basi mnajua shina lake.

Nije kwenye sheria iliyobadilisha maisha ya watu wengi kuliko zote, ile ya Juni 1944 ya askari waliorudi. Waliovaa sare walikuwa kama milioni 16. Wanasiasa walikumbuka vizuri mwaka 1932, askari wa vita vya kwanza walipopiga kambi Washington wakidai malipo yao na jeshi likatumwa kuwafukuza. Safari hii walitaka kujihami mapema. Sheria ikatoa ada ya chuo na posho, mafunzo ya ufundi, fedha za kujikimu kwa asiye na kazi, na dhamana ya serikali kwa mkopo wa nyumba. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa askari wa zamani. Mtoto wa mchimba makaa akawa mhandisi. Kabla ya vita familia nyingi zilikuwa za wapangaji. Kufikia 1960 zaidi ya asilimia 60 ziliishi kwenye nyumba zao.

Lakini nani aligawa? Bungeni kamati ya askari iliongozwa na John Rankin wa Mississippi, mtetezi wa ubaguzi asiyejificha. Yeye na wenzake wa Kusini walihakikisha utekelezaji uko mikononi mwa majimbo na benki za mitaani. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu hata mara moja, na haikuhitaji. Serikali ilitoa dhamana tu. Mkopo ulitoka benki, na mwenye benki wa Mississippi alimjua amtakaye. Mwaka 1947 mikopo iliyodhaminiwa katika jimbo hilo ilizidi 3,200. Iliyokwenda kwa askari Weusi ilikuwa miwili.

Huko Kaskazini mambo yalifanywa kwa adabu zaidi. Levittown, New York, ilianza kujengwa mwaka 1947, nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana kama matofali ya kalibu moja, na mikataba ya mwanzo ikakataza nyumba isikaliwe na asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mashirika ya serikali yalidhamini mikopo hiyo bila kuona tabu. Nyumba ile, mwaka 1949, iliuzwa chini ya dola 8,000. Aliyeinunua aliwaachia watoto mali iliyopanda thamani kila muongo. Aliyezuiwa aliwaachia risiti za kodi ya pango. Mkisikia leo tofauti kubwa ya utajiri kati ya familia Nyeupe na Nyeusi kule, msianzie utumwani mkaruka hadi leo; simameni kidogo kwenye miaka hii.

Wala msidhani ni dhambi ya Marekani peke yake. Baada ya vita hivyohivyo, Kenya ilikuwa na mpango wa kuwapa makazi askari Wazungu katika mashamba ya nyanda za juu. Mwafrika wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, aliyerudi kutoka Burma hakuwekwa kwenye orodha hiyo.

Turudi Marekani, mpaka Detroit, jiji la viwanda vya magari. Mwaka 1941 A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala, alitishia kuwaleta maelfu ya watu Weusi waandamane Washington, na Roosevelt akatoa amri ya kuzuia ubaguzi katika viwanda vya silaha. Watu wakamiminika Detroit kutoka Kusini. Juni 1943, wafanyakazi watatu Weusi walipopandishwa kazi katika kiwanda cha Packard, Wazungu zaidi ya 25,000 waligoma, huku nchi ikiwa vitani. Mwezi huohuo ghasia za mjini ziliua watu 34, na 25 kati yao walikuwa Weusi. Hata hivyo watu waliendelea kuja, kwa sababu mshahara wa kiwandani ulikuwa wa kweli.

Halafu ikaja barabara. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu, na neno ulinzi likawekwa kwenye jina lake rasmi. Detroit ilipitisha mojawapo juu ya Hastings Street, mtaa wa maduka na kumbi za muziki za Weusi, ukafutika. Wenye mikopo walitumia barabara hizo kwenda kuishi nje ya mji, na viwanda vikawafuata. Jiji lililokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 lilikuwa na 640,000 hivi mwaka 2020.

Hapo ndipo ubovu wa mpango wa 1942 ulipoonekana. Bima ya kazini inafaa pale kazi inapodumu miaka 30. Mwishoni mwa mwaka 1982, riba ikiwa juu na magari ya Japani yakiuzwa, wasio na kazi walipita asilimia 10 nchi nzima, na maelfu kwa maelfu walipoteza mshahara na daktari kwa barua moja. Detroit yenyewe ilifilisika mwaka 2013, na tiba ya wastaafu wa jiji ilikuwa kati ya vilivyokatwa mwanzo.

Obama alipopitisha sheria yake ya afya mwaka 2010, alijenga pembeni ya mfumo huo, hakuung'oa. Watu wapatao milioni 150 walikuwa tayari wamo ndani yake kupitia waajiri, na hakuna mwanasiasa aliyekuwa tayari kuwaambia kwamba anawabadilishia bima. Agizo la muda, lililotolewa ili bei zisipande wakati wa kupigana na Hitler, limewashinda marais tangu Truman.

Sikuvigusa vita vya Vietnam, na naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na dada pale nyuma.