Mpaka Kwenye Mwembe: Mazoezi Baada ya Moyo Kusimama

Shikamooni wazee wangu. Nanyi mliowasindikiza wagonjwa wenu, karibuni sana. Leo nina maneno yenu pia.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Nitazungumza na wale ambao moyo ulisimama, wakarudishwa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, na sasa wanaogopa hata kupanda ngazi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Shambulio la moyo ni mshipa unaoulisha moyo kuziba. Mgonjwa mara nyingi yuko macho na analalamika kifua. Moyo kusimama ghafla ni umeme wa moyo kuvurugika: mtu anaanguka, haitiki, hapumui sawasawa, na asipokandamizwa kifua mara moja anakufa. La kwanza linaweza kuleta la pili. Ndivyo ilivyomkuta mzee mmoja niliyemhudumia, mwalimu mstaafu. Bahati yake, ilimkuta akiwa tayari wodini, wauguzi wako karibu.

Nilipoanza kwenda kwake, madaktari walishampima na kumruhusu kutembea. Lakini kila baada ya hatua kumi anasimama, anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anahesabu. Mkewe yuko nyuma, mkono mmoja chupa ya maji, mkono wa pili simu. Mapigo yakipanda kidogo tu, wote wawili wanageuka kurudi ndani.

Hapo kwenye mapigo ndipo hofu ilipojificha. Moyo kwenda mbio ukitembea ni kazi yake: misuli inaomba damu, nao unaitika. Ila mtu aliyewahi kuanguka kila pigo analisikia kama onyo. Halafu kuna mbavu. Zilikandamizwa kwa nguvu siku ile, pengine zikavunjika, na zinauma wiki kadhaa. Maumivu ya mbavu mara nyingi huzidi ukibonyeza, ukikohoa, ukigeuka kitandani. Hata hivyo yaulizie kliniki, usijipe jibu mwenyewe.

Wengi wenu mnameza dawa za kupunguza mapigo, kwa hiyo namba mnayoihesabu mkononi haisemi yote. Nilimwomba mwalimu aache kuhesabu, anisimulie habari za shule alizofundisha. Mwendo ukimruhusu kumaliza sentensi nzima, unamfaa. Pumzi ikimkata katikati ya neno, tunapunguza. Tulianza na dakika tano, asubuhi kabla ya jua kuwa kali: mpaka kwenye mwembe na kurudi. Siku chache baadaye sita, halafu saba. Na hatukusimama ghafla hata mara moja. Tulipunguza mwendo taratibu, kwa sababu ukikata mwendo ghafla damu inabaki miguuni, presha inashuka, unaona kizunguzungu. Kizunguzungu cha namna hiyo nimeona kikimrudisha mtu kitandani wiki nzima.

Mipaka ipo. Kifua kikibana, macho yakiingia giza, mapigo yakirukaruka, acha hapo hapo, kaa chini, omba msaada. Na asianze mtu kabla daktari wake wa moyo hajajua moyo ulisimama kwa sababu gani.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Christian Eriksen. Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, alianguka uwanjani kipindi cha kwanza, akiwa na miaka 29. Walimkandamiza kifua palepale, wakampiga shoti ya umeme, akarudi. Baadaye alipandikizwa chini ya ngozi kifaa kidogo kinachosikiliza mapigo na kupiga shoti yakiharibika. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, akaachana na klabu yake ya huko, Inter, akaenda Brentford ya Uingereza. Tarehe 26 Februari 2022, siku 259 baada ya kuanguka, aliingia kucheza dhidi ya Newcastle.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea klabu ya Bolton ya Uingereza. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alipona, na Agosti mwaka huo akastaafu soka kwa ushauri wa madaktari, umri miaka 24. Nawataja wote wawili kwa makusudi. Mmoja alirudi uwanjani, mwingine akaambiwa hapana, na wote walirudi kwa watoto wao. Usimwonee haya mtu kwa sababu yeye anakimbia nawe unatembea.

Sasa kwenu mliokuja na wagonjwa. Mke wa mwalimu aliniambia usiku halali. Anamwekea mumewe mkono kifuani kusikiliza kama anapumua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye anaendeleaje. Tulimfundisha kukandamiza kifua: viganja viwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akipiga simu. Alitoka jasho, akarudia mara tatu. Wiki iliyofuata nilimkuta ameketi barazani anachambua mchicha. Nikamuuliza mwalimu yuko wapi.

“Ametoka,” akasema. “Amefuata gazeti dukani.”

Mdoli wa mazoezi uko hapa mbele, juu ya mkeka. Naomba tuanze na watu wa nyumbani. Mama, wewe wa kitenge cha bluu, karibu.