Nitajie Faili, Nitajie Anayetia Saini: Kuchagua Eneo la Ubobezi katika Uzamivu wa Utawala wa Umma

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ninyi mnaoanza masomo ya uzamivu, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuchagua eneo la ubobezi, na kwa kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja na macho yameshaanza kuwa mazito, nitaingia kwenye hoja bila kuzunguka.

Wanafunzi wapya wakinijia ofisini huwa wana swali moja: "Daktari, nibobee wapi?" Wanalolitaka ni jina. Fedha za umma, usimamizi wa wafanyakazi, sera, ugatuzi (yaani kugawa mamlaka kati ya serikali ya kitaifa na kaunti), maadili na uwajibikaji, serikali ya kidijitali. Waliandike kwenye fomu, wamalizane nalo. Wajanja zaidi huuliza, "Ni lipi lenye soko?" Mimi huwarudishia swali. Nitajie uamuzi mmoja wa serikali ambao uko tayari kuufuata miaka mitatu au minne bila kuchoka. Unaanzia meza gani? Faili linapita kwa nani? Nani anatia saini, na ni mwezi gani? Ukiweza kunijibu, jina la tawi tutalipata hapohapo. Ukishindwa, hata nikupe jina zuri namna gani, utarudi kwangu mwaka wa pili ukiwa bado huna swali la utafiti.

Tuchukue bajeti ya kaunti, maana naona fomu nyingi hapa zimeandikwa "fedha za umma". Hapa Kenya, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda. Kufikia tarehe 30 Agosti, hazina ya kaunti iwe imetoa waraka wa kuelekeza idara. Tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti. Tarehe 30 Septemba, mapitio ya bajeti iliyopita. Tarehe 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaopendekeza kila idara isivuke kiasi gani. Tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe. Mwaka unafungwa tarehe 30 Juni.

Sasa mwazieni mama wa Kayole anayeitwa kwenye ukumbi wa wadi mwezi Mei kutoa maoni kuhusu makadirio. Anasimama, anaomba zahanati iongezewe dawa. Karani anaandika. Lakini kiasi cha idara ya afya kilijadiliwa Februari! Kinachoweza kusogezwa Mei ni kidogo, na kikisogezwa lazima kitoke mahali pengine. Je, maoni yale yanaenda wapi? Yanaingia kwenye ripoti ya kamati ya bajeti? Yanabadilisha mstari hata mmoja? Hapo pana tasnifu nzima, ndugu zangu, kati ya 28 Februari na 30 Juni. Na mwanafunzi anayeuliza hivyo hahitaji kunieleza kama yeye ni mtu wa fedha, wa ugatuzi au wa ushiriki wa umma. Ni wa vyote vitatu, na mtahini wa nje atamwelewa mara moja.

Linganisha na anwani tunazoziona kila msimu: athari za kitu fulani kwa utendakazi wa taasisi fulani katika kaunti fulani. Mnacheka kwa sababu mnazijua. Hojaji inachapishwa, yenye viwango vitano kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", maafisa wanagawiwa, wanajaza wakisubiri chai ya saa nne. Unamuuliza afisa kama ushiriki wa umma umeboresha utendakazi wa idara yake. Ulitarajia ajibu nini? Ajishtaki? Sisemi hojaji haina kazi. Nasema imekuwa kimbilio la mtu aliyechagua tawi kabla ya kuchagua jambo, kwa sababu hojaji haikudai ujue faili liko wapi.

Usimamizi wa wafanyakazi nao una sifa mbaya ya kuwa tawi la wasiotaka hesabu. Si kweli. Kumbukeni mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mkataba wa pamoja wa malipo na masharti ya kazi uliogombaniwa ulitiwa saini mwaka 2013 na serikali ya kitaifa, mwaka uleule ambao serikali za kaunti zilianza kazi na kukabidhiwa hospitali pamoja na madaktari wake. Kwa hiyo aliyetia saini ni mmoja na mwajiri ni mwingine. Kila upande ukawa na pa kumwelekeza daktari. Mtu anayetaka kuelewa nani hasa ni mwajiri katika serikali iliyogatuliwa ana kazi ya maisha pale, na hatalazimika kuandika tena kuhusu "motisha ya wafanyakazi".

Sera na tathmini nitazipitia haraka. Kandarasi za utendakazi, yaani mikataba ya malengo ambayo taasisi hupimwa nayo, zilianza mwaka 2004 katika mashirika ya serikali, zikasambaa hadi wizarani, na zimeandikiwa tasnifu hadi rafu zimejaa. Kama una jambo jipya kuzihusu, karibu. Kama huna, waachie waliotangulia. Serikali ya kidijitali ndiyo iliyo kwenye midomo ya watu sasa, tangu vituo vya Huduma, vinavyotoa huduma nyingi za serikali mahali pamoja, vilipofunguliwa 2013 na eCitizen, tovuti ya huduma hizo, ikafuata. Ni eneo zuri, ila nawaonya kwamba mifumo inabadilika haraka kuliko uzamivu unavyoisha. Uliyoyachunguza mwaka wa kwanza yanaweza kuwa yamefutwa kwenye seva unapokuja kutetea. Chunguza kinachodumu: sheria, mamlaka ya kukataa ombi, njia ya mwananchi kukata rufaa.

Ugatuzi nitakaa nao zaidi, kwa kuwa tuko Nairobi na mfano mkubwa ulitokea hapa mlangoni petu. Tarehe 25 Februari 2020, kaunti hii ilihamishia serikali ya kitaifa majukumu manne: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za jiji, na mipango. Ikaundwa Nairobi Metropolitan Services kuyaendesha, hadi yaliporudishwa mwaka 2022. Katiba inaruhusu uhamisho huo katika kifungu cha 187, lakini kifungu hichohicho kinasema wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa jukumu lile tangu mwanzo. Tafakarini. Kazi inafanywa na mmoja, wajibu uko kwa mwingine.

Siasa za jambo hilo zimeandikwa sana magazetini. Mimi kinachoninyima usingizi ni mambo madogo. Muuguzi wa zahanati ya kaunti aliomba likizo kwa nani? Lori la taka liliandikwa kwenye rejista ya mali ya nani? Mwanakandarasi aliyepewa kazi 2021 na hajalipwa, alidai kwa nani mwaka 2023? Kila mojawapo ya maswali haya lina karatasi zake, na watu walioyashughulikia bado wako kazini, wengine hawako mbali na tulipoketi. Baada ya miaka kumi watakuwa wamestaafu. Kama ningekuwa naanza uzamivu leo, ningeanzia hapo, na wala nisingejali fomu imeandikwa tawi gani.

Nasikia mtu pale mbele akinong'ona kwamba jambo dogo hivyo halitoshi uzamivu. Nilitarajia. Mwaka 1935, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago aitwaye Herbert Simon alirudi mjini kwao, Milwaukee, akachunguza viwanja vya michezo vya watoto. Bodi ya shule ilisimamia michezo, idara ya ujenzi ya jiji ilitunza viwanja, na pande hizo mbili hazikukubaliana fedha zigawanywe vipi. Hilo tu. Alijiuliza kwa nini watu wenye akili timamu wanaamua hivi wanavyoamua kwenye bajeti, na swali hilo ndilo alilolibeba hadi akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Elinor Ostrom alipata uzamivu wake mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa kuchunguza jinsi watumiaji wa maji ya visima katika bonde moja walivyoungana kuzuia maji ya bahari yasiwaharibie. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Wote wawili shahada zao zilikuwa za sayansi ya siasa. Hapana aliyewauliza soko.

Lakini jambo dogo lazima lifikike, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kabla hujajifunga na eneo, tafuta kama karatasi zake zinapatikana. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amalize ukaguzi katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, ipo. Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, zina mafaili ya utawala tangu enzi za ukoloni, na wanafunzi wa utawala wa umma tunaowaona mle ni wachache ajabu, tumewaachia wanahistoria. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, utakihitaji, na ukifika kaunti utaombwa barua nyingine, basi weka miezi hiyo kwenye ratiba yako. Afisa akikunyima waraka, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa siku 21 kukujibu. Peleka ombi moja sasa hivi, kabla ya pendekezo la utafiti, uone mlango unafunguka kiasi gani. Ukinyimwa, hata barua ya kukunyima ni data.

La mwisho linawahusu ninyi mlio watumishi wa umma, ambao naona ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Mtavutiwa kuchunguza ofisi zenu wenyewe. Mimi siwakatazi. Unajua faili liko kabati gani, unajua kikao cha kweli hufanyika kabla ya kikao rasmi, na ujuzi huo mtafiti wa nje angeulipia miaka. Shida ni mbili. Mdogo wako kazini hawezi kukukatalia mahojiano, kwa hiyo idhini yake haina uzito hata akitia saini fomu ya maadili. Na wewe mwenyewe huwezi kuandika kila ulichokiona, kwa sababu Jumatatu unarudi kwenye dawati lilelile. Ninachopendekeza ni uchukue mchakato unaoujua, ukauchunguze kwenye ofisi ambayo hukuajiriwa. Afisa ununuzi wa wizara aende akatazame zabuni za kaunti. Karani wa bunge la kaunti akatazame kamati za kaunti jirani. Ujuzi unabaki wako, na woga unapungua pande zote mbili.

Kuhusu msimamizi, nitasema neno moja tu kwa sababu wasimamizi wenyewe wamekaa mstari wa mbele wananitazama. Mtafute anayelijua jambo lako, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko cha yule mnayemwogopa wote. Na mkikutana mara ya kwanza, mpelekee kurasa mbili: uamuzi gani, meza zipi, saini ya nani, karatasi zipi umeshaziona kwa macho yako. Jina la tawi liache wazi, mlijaze pamoja.

Nipokee maswali. Tuanze na yule aliyenong'ona.