Gurudumu la Nyuma Likiyumba, Anza na Mkono

Mafundi wenzangu, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mada niliyopewa ni gurudumu la nyuma linaloyumba, na neno langu la kwanza ni katazo: ufunguo wa spoku ubaki mfukoni. Mteja akisema tu "fundi, nyuma inacheza", wengi wetu tumeshaanza kukaza spoku, kumbe ringi haina kosa.

Inua baiskeli. Shika ringi karibu na breki, isukume kushoto na kulia, kisha zungusha kidogo urudie. Ikigongagonga kila mahali, koni (nati zinazobana gololi za ekseli) zimelegea au gololi zimekwisha. Hapo ukinyoosha ringi unajisumbua bure, maana kitu unachokipimia chenyewe hakijatulia. Kama haigongi, lakini ukiizungusha inasogelea breki pale pale kila mzunguko, sasa ndiyo ringi. Tafuta spoku iliyokatika, na anza upande wa kulia, kwenye kiwiko, pale spoku inapopinda, kilichojificha nyuma ya gia. Spoku za kulia hubeba mkazo mkubwa zaidi kwa sababu ringi imevutwa upande huo kupisha gia.

Twende kwenye gia, ndiko kwenye utata. Zungusha gurudumu hewani bila kukanyaga pedali. Mnyororo umetulia, gia hazizunguki, lakini utaziona zinatikisa kichwa taratibu. Friwili, yaani rundo la gia linalofungwa kwa nyuzi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), hasa za bei poa, nyingi zina tabia hiyo. Ikiwa ni kidogo, mrudishie mteja baiskeli yake, usimuuzie friwili asiyoihitaji. Ikiwa ni kubwa, toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole utazame ncha zake. Ncha inayochora duara ni ya ekseli iliyopinda. Kwenye habu za friwili gololi za kulia zimekaa ndani sana, kipande kirefu cha ekseli kimebaki bila egemeo. Pakia gunia la mkaa juu ya hapo, barabara ya mashimo, utajaza mwenyewe.

Baiskeli za mtumba zimetuletea kaseti, yaani gia zinazochomekwa kwenye kiini cha habu na kubanwa kwa nati. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, waliileta habu ya kaseti mwaka 1978, na gololi za kulia zikasogezwa nje, ndiyo maana ekseli zake hazipindi ovyo. Kwenye kaseti, shika gia kubwa uitikise. Gia zikigongana zenyewe kwa zenyewe, nati ya kufungia imelegea. Shimano wanataka ikazwe kwa nyutonimita 40, yaani kukaza kwa nguvu kweli, si kwa kubembeleza. Imekaza na bado zinacheza? Uliza nani aliifungua mwisho. Kaseti ya gia 8, 9 au 10 ikiwekwa kwenye habu ya baiskeli ya mbio za barabarani ya gia 11 inadai wosha ya milimita 1.85 nyuma yake, na wosha hiyo hupotelea mezani kwa fundi. Zikitikisika zote pamoja kama kitu kimoja, basi ni kiini cha habu kinachoshika kaseti. Hicho kikilika sana, badilisha kizima. Kukifungua ni kutafuta gololi ndogo mchangani mpaka magharibi.