Mng'ao wa Sarafu Kongwe za Dhahabu Usikudanganye

Habari za mchana, ndugu zangu. Karibuni. Tuanze na taa. Zimeni hizi za mrija zote, muache balbu moja tu ya mezani. Taa za mrija humwaga mwanga kila upande na kuficha mikwaruzo. Jua la Dodoma la saa saba nalo linaumiza macho bure.

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, kisha iinamishe taratibu chini ya balbu. Ilipogongwa kiwandani, dhahabu ilisukumwa kutoka katikati kwenda nje, ikaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke usoni kama spoku za baiskeli. Ikiwa mwanga umetulia mahali pamoja, kama kwenye sufuria iliyosuguliwa, ngozi hiyo imeshaondoka, na hairudi.

Sasa chukua lenzi ya mara 10. Angalia sehemu tupu iliyo mbele ya uso wa mfalme kwenye pauni ya dhahabu ya Kiingereza (sovereign). Mikwaruzo ya mfukoni huenda ovyo, huku na huku. Ya kitambaa hulala sambamba, mingi, myembamba kama nywele, na mara nyingi huishia kwenye kingo za herufi kwa sababu kidole hakikuweza kuingia kule. Wengi hudhani kitambaa laini hakina neno. Lakini vumbi letu hili lina chembe za mchanga mgumu kuliko dhahabu mara nyingi. Ukipangusa kwa pindo la shati, umeshapiga msasa.

Sarafu iliyotumika kwa haki huchakaa kwenye vilele kwanza, na mng'ao wa asili hubaki kati ya herufi. Ikiwa vilele vimelika lakini mabonde yanawaka sawasawa na vilele, imesafishwa. Kuna kipengele kinachowachanganya hata wazoefu: pahali palipogongwa hafifu pia huwa bapa. Tofauti ni kwamba pale mng'ao wa asili bado upo, palipochakaa haupo.

Iliyosuguliwa kwa brashi ya waya ya mashine ni mbaya zaidi. Inang'aa kweli, ila kwa lenzi utaona dhahabu imesukumwa ikajikusanya upande mmoja wa kila herufi, kama udongo mbele ya jembe.

Pauni nyingi ziliwahi kuwa vidani. Kishikizo kikitolewa, sonara hupiga tupa. Kwa hiyo zungusha ukingo wote, hasa juu kabisa ya kichwa: meno yamekatika? Kuna rangi tofauti ya lehemu? Halafu pima. Pauni hutoka kiwandani na gramu 7.988, kipenyo milimita 22.05, na Waingereza waliihesabu haifai tena kuzunguka ikishuka chini ya 7.938. Ikisoma 7.90 huku herufi ni kali kama mpya, uzito huo umekwenda wapi? Tundu lililozibwa hujulikana kwa mwanga kukatika ghafla kwenye duara dogo.

Ukishuku madini yenyewe, iningʼinize kwa uzi ndani ya maji yaliyo juu ya mizani. Iliyo halali huongeza takriban gramu 0.45, kwa hiyo mizani iwe ya kusoma 0.01 au chini yake. Shaba ya njano ya uzito uleule itakaribia 0.9.

Usitumie kipimo hicho hicho kwa ile yenye picha ya tembo, rupia 15 ya Wajerumani iliyogongwa Tabora mwaka 1916, ambayo dhahabu yake ilitoka Sekenke, hapo jirani Singida. Uzito wake ni gramu 7.168 na dhahabu ni 750 kwa 1000, hivyo ni nyepesi kwa ujazo. Kuna watu walizikataa za kweli kwa sababu hiyo.

Grisi ikiwepo, izamishe ndani ya asetoni safi, mbali na moto, usuuze kwa maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), uiache ikauke yenyewe. Majivu, limau na dawa ya meno waachieni masufuria. Wapimaji wa Marekani hawaipi sarafu iliyosuguliwa namba yao ya ubora ya 1 hadi 70; huandika kwamba imesafishwa. Haya, leteni zenu mezani, moja moja.