Anasimama dede, nimnunulie viatu?

(Mazungumzo na wazazi siku ya kliniki ya watoto, Tanga)

Hamjambo wazazi. Bibi pale dirishani, shikamoo. Nawaona na baba wawili mmekaa karibu na mlango kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka. Sogeeni mbele, maana leo tunazungumzia pesa zenu.

Kila wiki pale kwenye mzani hakosi mama wa kuniuliza: "Nesi, huyu ameanza kusimama dede, nimnunulie viatu?" Namjibu hapana. Basi wiki mbili baadaye anarudi, mtoto kavaa buti hadi kwenye kifundo, ngumu kama za askari, anatembea kama bata. Shangazi kaleta zawadi, utamwambia nini?

Mama, niazime mguu wa huyu kidogo. Haya, tazameni. Wayo umejaa kama andazi, hauna upinde hata kidogo. Wengi mkiona hivi mnashtuka: mtoto ana nyayo bapa, apewe kiatu cha kumnyoosha. Hayo ni mafuta tu, na ndani yake sehemu kubwa ya mifupa bado ni gegedu laini. Upinde unajijenga wenyewe polepole, na kwa watoto wengi unaonekana vizuri wakifika miaka 6 hivi. Sasa namsimamisha kwenye saruji. Mmeona vidole vilivyojikunja? Anaikamata sakafu. Anapima ubaridi, utelezi, pale palipoinama. Kumvika soli ngumu sasa hivi ni sawa na kumpa mtu ungo wa mchele achambue akiwa amevaa glavu za kufyekea.

Kule India, mwaka 1992, watafiti Rao na Joseph walichapisha matokeo ya kuchunguza watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Kati ya waliovaa viatu, wenye nyayo bapa walikuwa 8.6 kwa mia. Kwa wasiovaa, 2.8. Sisemi hesabu hiyo peke yake inathibitisha kwamba kiatu ndicho mkosaji. Ila mwenye hofu kwamba kutembea pekupeku kunaharibu mguu, atulie.

Wala kiatu hakimharakishi mtu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Tofauti ya miezi 10! Kwa hiyo wa jirani akitangulia, mwache atangulie. Wako akipita miezi 18 bila kutembea, mlete hapa tumwone. Usipitie dukani kwanza.

Sasa, lini? Mimi siangalii umri, naangalia anakanyaga wapi. Ndani, kwenye mkeka, barazani palipofagiliwa: miguu mitupu. Na soksi peke yake kwenye vigae mvueni, atateleza. Siku atakapotoka nje kwa miguu yake mwenyewe, uani, sokoni, njia ya chooni, siku hiyo ndiyo anahitaji kiatu. Udongo uliochanganyika na kinyesi unakuwa na mabuu ya minyoo ya safura. Hayahitaji kumezwa, yanatoboa ngozi ya wayo, yanasafiri na damu hadi mapafuni, yanaishia kwenye utumbo na kunyonya damu humo. Halafu tunamwona mtoto mweupe machoni, tunadhani ni chakula. Kuna funza. Kuna misumari na vipande vya chupa. Na sisi watu wa pwani tuna mchanga ambao mbwa na paka wameufanya choo: minyoo yao ikiingia mguuni inachora mstari uliopindapinda chini ya ngozi, unawasha usiku kucha. Mchanga wa saa saba mchana hata mimi siuwezi.

Kiatu gani? Chepesi, kinachokunjika pale vidole vinapokunjikia, chenye mkanda nyuma ya kisigino. Ndala bado. Ili isimtoke inabidi aibane kwa vidole kila hatua, na hapo ndipo anapojikwaa.

Kwenye saizi mimi mwenyewe nilikosea. Mwanangu wa kwanza nilimnunulia viatu vya Idi vikubwa namba mbili "ili vimfae na mwakani", nikajaza pamba mbele. Alianguka mara tatu kabla hatujafika kwa bibi yake, na ya tatu alipasuka mdomo. Tangu hapo napima kwa boksi. Jioni, mtoto amesimama, si amepakatwa, chora nyayo zote mbili juu ya boksi. Chukua ulio mrefu, kuanzia kisigino hadi kidole kilichotangulia, ambacho si lazima kiwe gumba. Ongeza sentimita 1. Kata kipande chembamba cha urefu huo, kiweke kwenye pochi, nenda nacho mnadani. Kikiingia ndani ya kiatu bila kujikunja, sawa. Mtumba sio mbaya, ila pindua uangalie soli: kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kiache. Na kila miezi 2 au 3 pima upya, kwa sababu hatakwambia kinabana. Atakivua tu na kukitupa, nawe utamchapa bure.

Naam, baba wa mlangoni? Vile vinavyolia kwi-kwi kila hatua? Mlio haumdhuru mguuni. Kunja soli kwanza. Ikikunjika, nunua, mengine yamalize na majirani.

Nani ana mkasi? Boksi nimekuja nalo. Tuanze na huyu huyu, ameshakojoa kwenye sketi yangu, naona amechoka kunisikiliza.