Piga miale kwenye kona: kuwasha taa ndani ya gemu la 2D

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo tunawasha taa kwenye gemu la 2D, na naanza na kosa ambalo mi mwenyewe nilikaa nalo wiki nzima: unatoa miale 360 kwenye taa, mmoja kila digrii, kila mwale unaenda mpaka ugonge ukuta, unaunganisha nukta, unapaka rangi, kwisha kazi. Taa ikitulia inapendeza kweli. Sasa isogeze uone, ukuta ukiwa umbali wa pikseli 500 pengo kati ya mwale na mwale ni karibu pikseli 9, kona inaangukia hapo katikati haiguswi, kivuli kinatetemeka kama kina homa. Mtu anaongeza miale ifike 3,600, bado kinatetemeka ila kidogo, na kompyuta inaanza kuhema.

Dawa ni kuacha kupiga hovyo. Kivuli kinaanzia wapi? Kwenye kona. Kati ya kona na kona ukuta umenyooka, hakuna jipya hapo. Basi piga mwale kwenye kila ncha ya ukuta, halafu mingine miwili ubavuni kwake, huku na huku, imepishana nao kwa radiani 0.00001 tu (radiani ni kipimo cha pembe, kama digrii). Hiyo miwili ndo siri yenyewe, maana wa kati unaishia kwenye ncha, mmoja wa pembeni unaponyoka unaenda kugonga ukuta wa nyuma, na ukingo wa kivuli ndo unazaliwa hapo. Kuta 100 zina ncha 200, miale 600, kila mwale unaupima na kuta zote unachukua mgongano wa karibu, vipimo 60,000 kwa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, si kitu.

Kisha panga miale kwa pembe, ile fanksheni ya atan2 inakupa pembe ya kila mwale kwa radiani, chora pembetatu kutoka kwenye taa hadi kila nukta mbili zinazofuatana. Mi nilipofika hapa kushoto kukabaki kabari nyeusi, nikakesha na hesabu za mgongano, kumbe sijaunganisha nukta ya mwisho na ya kwanza! Atan2 inaanzia na kuishia kushoto, kwenye −π na π, ndo maana pengo halikuhama hata siku moja.

Ah, na kingo za skrini nazo ziwe kuta, la sivyo mwale unapotea hauna pa kuishia. Ngoja niwashe, tazameni ile kona ya juu nikivuta taa na mausi.